Moyo Waliomtayarishia Dokta

Mlio ule ninausikia hata leo: michi miwili ikigongana juu ya kinu.

Kwetu, upande wa Kabambare, wanawake wawili hutwanga mpunga ndani ya kinu kimoja. Mmoja anashusha mchi, mwingine anapandisha. Tu, tu, tu, tu. Ukizoea, mikono inakwenda yenyewe na unaweza kupiga habari huku unatwanga. Mimi na mama tulitwanga hivyo tangu nilipopata nguvu ya kunyanyua mchi, na hatukuwahi kukosana. Siku ile mpunga mpya ulikuwa umekauka vizuri, mama alikuwa anaimba kwa pua, na ghafla tulisikia ta, mti juu ya mti, mlio mkavu kama mfupa unaovunjika. Mchi wa mama uliruka ukamwangukia mguuni.

"Feza, unaota tena," akasema, amejishika kidole cha mguu.

Alikuwa na haki ya kusema vile. Mimi nilikuwa mtu wa ndoto. Masista walinisomesha mpaka darasa la nne, na kutoka pale kichwa changu kilibaki na kitu kimoja: mashine ya kushonea. Niliiona mara moja Kasongo, kwenye baraza ya duka, fundi anakanyaga na nguo inatembea yenyewe mbele yake. Tangu siku hiyo nilikuwa ninashona kanzu na magauni ya kijiji kizima bila sindano, nikichota maji, nikichuma pamba, nikila. Mama alizoea kuniita mara mbili.

Lakini siku ile sikuwa ninaota. Kitu ndani ya kifua changu kiliruka zamu yake. Kilinyamaza, kisha kikapiga mara kadhaa kwa pamoja, kwa haraka, kama kuku aliyefungwa miguu ndani ya kitunga. Mkono wangu ulifuata moyo ukauacha mchi wa mama. Sikumwambia. Nilicheka, nikaokota mpunga uliomwagika.

Ninaandika haya kwa wale ambao mioyo yao imeanza kuruka zamu kama wangu, ili wasitayarishwe kama nilivyotayarishwa mimi. Sasa nimepata nafuu. Ninalala nimelala, si nimekaa. Basi nina haki ya kusema.

Baada ya mpunga ule, miguu ilianza kuvimba. Asubuhi ilikuwa miguu yangu, jioni ilikuwa ya mama mmoja mnene nisiyemjua. Nikipanda kutoka mtoni na maji kichwani, nilisimama katikati ya njia kama mtu anayengojea mwenzake, na hakuna mwenzangu aliyekuwa anakuja. Wasichana walinipita wakisema, "Feza anahesabu ndege." Nilijibu kwamba ndiyo, na kwamba wao ndio ndege wenyewe. Nilikuwa mwepesi wa kucheka. Kifua ndicho kilikuwa kizito.

Mama aliona miguu akanipeleka dispanseri, kwa muganga Saidi. Saidi alikuwa mtu wa kwetu, alisomea uuguzi kwa Wazungu, na alijulikana kwa viatu vyake vyeupe na kwa ulimi wake. Alinishika mkono, akatazama saa yake. Kisha akaacha saa, akanitazama usoni, akatazama saa tena.

"Huyu mutoto ni wa nani?"

"Wangu," mama akasema.

"Moyo wake hauna mwendo. Unatembea, unasimama, unakimbia. Kama mulevi anayetoka kwenye kilio."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Cheka tu, dada. Lakini maji hapana beba tena, na kinu hapana gusa. Chumvi weka kidogo, kidogo sana. Sasa mama, sikia. Iko dokta mumoja wa moyo, anatoka upande wa Bukavu, anakuja Kasongo kila kiangazi. Nitatuma jina la mutoto. Atampima na mashine. Dawa ya moyo huu iko kwake, kwangu haiko." Kisha akainua kidole. "Lakini mumupeleke vile alivyo. Mumenisikia? Vile alivyo."

Tulisema ndiyo. Kusikia, tulisikia.

Ili ueleweke ubaya uliofuata, lazima nieleze habari ya Ramazani. Alikuwa ndugu mkubwa wa baba, mzaliwa wa kwanza wa koko. Koko ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, na huyu wangu, mama mzazi wa baba, anaitwa Mwavita. Zamani, kabla sijazaliwa, Wazungu wa ugonjwa wa usingizi, malale, walikuwa wanapita vijijini na meza zao. Watu wote walipangwa mstari, na muganga alikushika shingo kwa vidole viwili kutafuta tezi. Ukiwa na tezi, unachomwa sindano, na ukionekana na ugonjwa unapelekwa kambini. Ramazani alikuwa na tezi. Baba anasema alikwenda akicheka, akipunga mkono, kama mtu anayekwenda sokoni. Kilichorudi ni blanketi.

Tangu hapo koko alijifunza kazi. Kila aliposikia kwamba meza za Wazungu ziko njiani, aliwakusanya watoto wake waliobaki. Aliwakanda shingo kwa mafuta ya mawese na majani ya moto mpaka tezi zishuke. Aliwalaza mchana, akawalisha vizuri, akawafundisha kusimama wima na kucheka mbele ya muganga. Hakuna mtoto wake mwingine aliyechukuliwa. Wanawake wa kijiji waliona, wakaanza kumletea wa kwao. Mpaka leo kwetu mtu akiitwa na dokta, wazee wanauliza kwanza, "Mmeshamtayarisha?"

Basi jina langu lilipotumwa Kasongo, koko alikuja na mkeka wake kukaa nyumbani kwetu.

"Mama," mama yangu akamwambia kwa sauti ya chini, "safari hii tunakwenda ili dokta auone ugonjwa."

"Auone, halafu?" koko akauliza. "Ramazani walimuona."

Mke hajibizani na mama wa bwana yake, na hasa akishatajiwa Ramazani. Mama alimtazama baba. Baba alikuwa anachonga mpini wa jembe, akaendelea kuchonga.

Nami niseme kweli, nilitayarishwa vizuri. Sijawahi kupendwa hivyo, wala sitapendwa tena hivyo. Nililazwa kwenye kitanda cha baba. Nilinyweshwa mchuzi wa kuku wakati ndugu zangu wanakula sombe tupu, majani ya muhogo. Koko alinikanda miguu asubuhi na jioni, kutoka kidole mpaka goti, akisema "bismillahi" kila anapoanza, ingawa mimi ni mbatizwa na kwa masista ninaitwa Maria. "Mungu hagombani na mtu kwa sababu ya jina," alisema. Na alinipa maji ya majani yake, machungu mpaka ulimi unakufa ganzi. Majani yenyewe alikwenda kuyachuma peke yake, hakumwonyesha mtu.

Moyo ulitulia. Siku kwa siku, kuku wa ndani ya kitunga alichoka kuruka. Miguu ilipungua. Nilianza tena kushona magauni kichwani, na nilijiambia kwamba nimepona kabla ya kumwona dokta, na huyo dokta atanisifu. Nilikuwa mjinga mwenye furaha. Leo nikikumbuka furaha ile, ninakasirika nayo kama mtu aliyeniibia.

Tulikwenda Kasongo juu ya kamyo iliyobeba pamba, mimi na baba, tumekaa juu ya magunia na vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Baba alivaa shati jeupe, akalifunika kwa gunia lisichafuke. Mimi koko alinipaka mafuta nikang'aa, akanifunga kikwembe kipya, na mkononi akanipa kibuyu kidogo cha majani.

"Unywe mukiwa barazani, kabla hujaingia," alisema. "Na dokta akikuangalia, cheka."

Baraza ya hospitali ilikuwa ndefu, na benchi zilijaa toka alfajiri. Tulikaa. Jua lilipanda, likatoka kwenye magoti ya watu likaja tumboni. Kila mara mlango ulipofunguka tulisimama wote, na kila mara aliyeingia hakuwa mtu wa benchi. Mke wa Mzungu mmoja mwenye duka alikuja na gari, akapitia mlango wa mbele, mbwa wake akamfuata ndani. Mbwa alimwona dokta kabla yetu. Watu wa benchi walitazama chini.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Salamabila, Mama Sikujua, mnene, midomo ya bluu kama aliyekula matunda ya porini. Alikuwa anapumua kwa sauti.

"Wewe mutoto, umemsindikiza nani?"

"Sikumsindikiza mtu, mama. Ni mimi mgonjwa. Ni moyo."

"Moyo, na uso huu? Unang'aa kama bibi arusi." Akachukua kibuyu changu bila kuomba, akakinusa, akakirudisha upesi. "Hiki ni kitu gani?"

"Dawa ya koko wangu. Ya kutuliza."

"Ya kutuliza, ukiwa mlangoni mwa dokta?" Aligeuka mzima mzima kunitazama. "Mimi toka sokoni nimekuja na miguu, sikupumzika hata kidogo, ili dokta akute moyo wangu nyumbani. Na ninyi mumeuvalisha nguo ya sikukuu."

Baba aliinama mbele yangu. "Mama, na wakikushika? Wakikulaza humu?"

"Wanilaze. Kule kwangu iko bwana anayechimba dhahabu ya watu na kurudi na matope yao. Hapa iko kitanda, na hakuna atakayeniuliza ugali uko wapi."

Benchi nzima ilicheka, hata baba. Kisha baba akanigusa mkono wenye kibuyu. Nilikunywa. Maneno ya yule mama yalikuwa yamenichoma kidogo, lakini baba ni baba, na koko alikuwa amenikanda kwa mikono yake.

Dokta alikuwa mrefu, mwenye macho ya kuchoka. Mfasiri wake, kijana mwuguzi wa Kasongo, aliniuliza, "Unasikia nini?"

"Hasikii kitu, bwana dokta," baba akasema. "Iko muzuri. Iko na nguvu."

Nilicheka, kama nilivyofundishwa.

Walinilaza, wakanifunga nyuzi mikononi na miguuni, na mashine ikaanza kuandika moyo wangu kwenye karatasi. Niligeuza kichwa nikaona. Vilima vidogo, vyote sawa, vimefuatana vizuri kama mshono wa ile mashine ya barazani. Niliona raha. Niliwaza kwamba moyo wangu umejua ndoto yangu. Dokta alinisikiliza kifuani, akasikiliza mgongoni, akavua vifaa vyake masikioni, akacheka na yeye.

"Anasema ni moyo wa askari," mfasiri akatuambia. "Anauliza nani aliyewatuma. Anasema muganga wenu wa Kabambare ajifunze kuhesabu."

Tulipotoka, Mama Sikujua alikuwa anaingia. Alipotoka yeye, alishikwa na wauguzi wawili, na walimpeleka kitandani. Alitupungia mkono. Baba alimtazama kwa huruma kubwa, kama alivyomtazama ndugu yake zamani. "Unaona," aliniambia. Na mimi nilimwonea huruma mama wa watu, aliyepewa dawa.

Mtu mwenye moyo wa askari anarudi kwenye pamba. Kwetu kila nyumba ilipimiwa shamba lake la pamba, utake usitake, na shamba la baba lilikuwa limepungukiwa mikono tangu nilipolazwa. Mvua za kwanza ziliposhuka, kapita wa pamba, msimamizi wa mashamba, alisimama mlangoni.

"Nimesikia askari amerudi," alisema. "Askari, jembe lako lile kule."

Alicheka, nikacheka, nikalichukua. Koko alirudi kwake na mkeka wake, amemaliza kazi. Majani yaliisha. Mchuzi wa kuku uliisha. Chumvi ilirudi kwenye chungu, kwa kuwa mtu mzima hali chakula kisicho na ladha. Na kuku akaamka ndani ya kitunga.

Sitaeleza yote. Miezi ya kupalilia nilikuwa ninalala nimeegemea ukuta, kwa sababu nikilala chini maji yalinipanda kifuani. Ukibonyeza mguu wangu, kidole kiliacha shimo, na ndugu zangu wadogo walipenda kubonyeza, nikawaachia. Nilipolalamika, baba alisema, "Dokta wa mashine amesema huna kitu," na hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeshika kamba asianguke. Mama akawa haongei naye. Walipeana chakula kupitia kwangu. Nyumba yetu, iliyokuwa ya makelele, ilikuwa imekaa kama baraza ile ya hospitali, kila mtu anangojea mlango.

Niliangukia shambani, katikati ya mistari. Sikumbuki kuanguka. Ninakumbuka udongo mdomoni, na mama ananiita, si mara mbili kama zamani, mara nyingi. Nilitaka kumshika kikwembe na mkono wa kushoto, na mkono haukuja. Ulilala pale kwenye udongo kama mkono wa mtu mwingine.

Wanaume walinibeba kwa kipoi, kiti kile cha miti miwili wanachobebea Wazungu. Njiani nilisikia mmoja anasema leo Feza ni bibi administrata, mke wa mkubwa wa Wazungu. Nilitaka kucheka, na upande mmoja wa mdomo haukutaka.

Muganga Saidi alinipokea bila maneno. Alinipa alichokuwa nacho, akaniweka nimekaa, akakesha. Ulimi wake ulirudi siku nilipoweza kunywa uji mwenyewe.

"Mimi niliandikiwa kwamba sijui kuhesabu," alimwambia mama. "Nilisomewa mbele ya wenzangu. Sasa niambieni, mulimpelekea dokta mutu gani? Kwa maana yule siye niliyemtuma."

Mama alilia. Alimweleza yote, kukandwa, kulazwa, majani. Saidi aliinama akavitazama viatu vyake.

"Hata mama yangu alinitayarisha," alisema mwishoni. "Kwa tezi. Alinifundisha na kucheka." Hakutugombeza tena.

Mkono ulirudi, lakini si wote. Kiganja kinafunga. Vidole viwili vya mwisho vimekaa vimekunjwa na havisikii moto wala baridi. Nguo haiwezi kunyooshwa chini ya sindano kwa mkono kama huu. Nilijaribu kwa kitambaa kibovu, mchana mmoja, hapo dispanseri kwa Saidi. Kisha nilikikunja nikakiweka chini ya kichwa, na tangu siku hiyo siioti mashine. Ninaota vitu vingine, lakini ile mashine imekwenda.

Kiangazi kikarudi. Saidi alituma jina langu tena, sijui kwa aibu gani. Baba alisema atabaki na pamba. Mama hakumwomba mtu ruhusa, alifunga tu kikwembe chake cha safari kabla ya jua. Koko alitukuta njiani, anatembea haraka kuliko umri wake, kibuyu mkononi.

"Safari ile nguvu ya majani ilikuwa ndogo," alisema. "Nimeyapika siku nzima." Aliutazama mkono wangu, akatazama pembeni. "Mjukuu wangu, wasikushike."

Nilikipokea kwa mikono miwili, ule mzima na ule mwingine.

Kwenye mto Luama kamyo ilishuka kwenye kivuko, na watu wote wakateremka kusimama pembeni yake juu ya mbao. Maji yalikuwa madogo, ya kiangazi, yana rangi ya chai. Nilifungua kibuyu nikakiinamisha. Majani ya koko yalitoka meusi, yakafanya mstari kidogo, yakapotea. Mama aliona. Aligeuza uso akatazama ng'ambo mpaka nilipokifunga.

Barazani mtu wa kwanza kunisalimu alikuwa Mama Sikujua. Alikuwa amepungua mwili, midomo imerudi kuwa midomo. Alikuja kuchukua dawa zake, na juu ya hayo anauza mandazi kwa wagonjwa.

"Bibi arusi," alisema, "leo umekuja bila nguo ya sikukuu." Kisha akaona mkono wangu. Aliacha mzaha wake, akanipa andazi, akakataa pesa ya mama.

Dokta alikuwa yule yule. Alisikiliza. Alihamisha kile kifaa, akasikiliza tena, akafunga macho. Mashine iliandika, na safari hii haikuwa mshono. Ilikuwa njia ya mbuzi, huku na huku. Alisema neno kwa mfasiri.

"Anauliza kwa nini hukuja mapema."

"Nilikuja," nikasema. "Kiangazi kilichopita. Nililala juu ya meza hii. Alicheka akasema moyo wa askari. Na sisi tulikuwa tumeutayarisha moyo usionekane, kwa sababu baba mkubwa wangu walimuona shingo yake na hakurudi. Mwambie."

Mfasiri alinitazama. Kisha aliyageuza maneno yangu kwa Kifaransa, na yalitoka mafupi sana. Dokta aliitikia kwa kichwa akaandika.

Nililala hospitalini mpaka mwisho wa kiangazi. Vidonge vidogo vyeupe asubuhi, na vingine vya kutoa maji. Maji yote ya miguu yangu yalitoka, na mama alicheka kwa mara ya kwanza siku aliponiona mifupa ya vifundo. Nilijifunza kulala chali. Hutajua utamu wa kulala chali mpaka unyang'anywe. Wenzangu wodini walikuwa watu wema. Walinipa nafasi karibu na dirisha kwa sababu niliwachekesha. Moyo wangu hautatembea sawa tena, dokta alisema hivyo, lakini utatembea. Saidi ananipa vidonge kila mwezi. Sitwangi, sibebi, na kuzaa wamenikataza. Hilo la mwisho walimwambia mama, hawakuniambia mimi.

Sasa nirudi kwa koko. Tuliporudi nyumbani alinipapasa uso, mabega, miguu iliyokuwa imekonda. Alichukua kibuyu, akakitikisa sikioni.

"Umekunywa yote?"

Kumbuka uzee wake. Kumbuka blanketi la Ramazani, ambalo mpaka leo analikunja kila asubuhi. Ningemwambia nini? Kwamba mikono iliyonipenda ndiyo iliyoninyima mwaka mzima wa dawa, na vidole viwili, na mashine yangu?

"Yote, koko."

Alishukuru Mungu kwa sauti, na mlango wa jirani ukafunguka. Uongo wangu ulikwenda haraka kuliko kamyo. Wakasema majani ya Mwavita yalimvusha Feza kwa dokta mara mbili, na mara ya pili yalifanya kazi pamoja na vidonge. Wakaanza tena kuja. Sasa ni kiangazi kingine. Mwamvua, mama kijana wa upande wa mto, mwenye mtoto mgongoni na midomo ya bluu kama ile niliyoiona barazani, ameandikiwa kwenda Kasongo. Saidi alimwambia aende vile alivyo. Mama mkwe wake amemleta kwa koko.

Nilimfuata Mwamvua mtoni nikamweleza. Alinisikiliza kwa adabu. "Lakini wewe ulikunywa," alisema, "na uko hapa."

Basi kwako unayesoma, na moyo wako unaruka zamu: peleka ugonjwa wako mzima. Mtu akikukanda, kandwa, ni raha, lakini iwe ukirudi kutoka kwa dokta. Usikubali mtu akujibie unapoulizwa unasikia nini. Ukisahau yote, kumbuka mbwa wa yule mke wa mwenye duka, aliyeingia vile alivyo.

Koko hasomi. Yule atakayemsomea haya, namwomba aishie hapa.

Macho ya koko yameanza kufifia, na mimi, nisiyeweza jembe wala kinu, nimekuwa mpishi wa majani yake. Jana alichuma ya Mwamvua, akaniletea yamefungwa kwenye kipande cha kikwembe, akaenda kulala. Watu wote walikuwa shambani. Niliteleka chungu. Nilichuma majani ya mpera ulio nyuma ya nyumba, yale machungu kidogo, nikayatia ndani ya maji. Majani ya koko niliyafungua, nikayanusa mara moja, nikayasukuma motoni kwa mkono wangu wa kushoto, na vidole vile viwili havikusikia kitu.